Maganda Yametoka Mbari

Jumamosi iliyopita mwenye ploti yetu hapa Majengo alileta gunia la maganda ya kahawa, akalimwaga nyuma ya vyumba, ati ni mbolea ya sukuma wiki zake. Yalikuwa bado mabichi. Jua lilipopanda, ploti nzima ikanuka uchachu na utamu pamoja, kama ndizi iliyosahauliwa ndani ya mkoba wa shule. Watu wakafunga madirisha. Mama Saidi, jirani yangu wa mlango kwa mlango, akatoka amejiziba pua na leso.

"Shiku, wewe husikii hii kitu? Hii ni harufu ama ni laana?"

"Naisikia, Mama Saidi. Mimi inanipa njaa."

"Njaa! Mtoto wa wenyewe, uko sawa kweli?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sikumwambia kwamba ile ndiyo harufu ya siku tamu kuliko zote za utoto wangu, siku niliyomlipiza mtu mzima, tajiri, mbele ya wakwe zake, na akashindwa hata kunichapa. Hayo nawaambia nyinyi mliokua wakati mmoja na mimi, mliokunywa maji ya mto kwa kiganja na kuambiwa na wakubwa kila siku, "Wachana na hiyo maneno, Mungu atalipa." Mungu hulipa. Lakini wakati mwingine hupenda kusaidiwa kubeba.

Kwetu ni chini ya Kianyaga, pale mlima unapoteremka kwa mabonde membamba na kila bonde lina kijito chake. Majani chai yako juu, kahawa iko katikati, na chini kabisa, mahali miguu inazama, ni nduma, ambazo wengine huziita magimbi. Nduma za Mami zilikuwa kipande kirefu kando ya maji, na majani yake yalikuwa mapana hivi kwamba mvua ikinipata huko nilikata moja nikajifunika. Baba alikuwa mlinzi Nairobi, tukimwona Krismasi. Siku nyingine zote baba yetu alikuwa zile nduma. Asubuhi tulikunywa chai kwa nduma, na zilizobaki Mami alizichemsha, akazifunika na majani ya mgomba, akaenda nazo sokoni. Kama mtu angeniuliza wakati ule sisi ni watu wa aina gani, ningemjibu kwamba sisi ni watu wa nduma.

Jirani yetu tulimwita Wamashini. Jina lake la kanisani silisemi. Aliitwa hivyo kwa sababu upande ule wote ndiye peke yake aliyekuwa na mashini yake ya kumenya kahawa. Wengine walibeba zao mgongoni mpaka kiwandani. Ardhi yake ilizunguka yetu kama mkono uliomkumbatia kuku wa kuchinjwa. Mashini ilikuwa juu yetu. Nyumba yake ya mawe, pamoja na bwawa la samaki alilolipenda kuliko watoto wake, ilikuwa chini yetu. Sisi tulikuwa katikati, na kijito kilipita kwake, kikapita kwetu, kisha kikapita kwake tena.

Kahawa ikimenywa, mbegu huenda upande mmoja na ganda jekundu upande mwingine. Ganda hutakiwa kutiwa shimoni lioze. Wamashini alikuwa na shimo, lakini lilijaa, na kuchimba lingine ni kazi. Kwa hivyo msimu mmoja akafungulia maganda mtoni. Kwake mto ulikuwa na mteremko, unakimbia juu ya mawe. Kwetu ulipanuka, ukapumzika kati ya nduma. Na mzigo, mnajua, hutuliwa pale mtu anapopumzika. Maganda yote yakatua kwa Mami.

Mwanzoni yalikuwa mekundu, nikayaona mazuri kama maua yaliyozama. Kisha yakawa kahawia, kisha meusi, kisha yakaota ute kama wa bamia. Majani ya nduma yakaanza kuwa manjano pembeni. Siku moja Mami alishika shina moja kulivuta, likatoka bila kubisha, kama jino bovu. Chini yake nduma ilikuwa uji. Mami aliishika mkononi muda mrefu, halafu akaiweka chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Mimi nililia. Nilikuwa mtoto wa kulia. Hata kifaranga akifa nilimzika na kumwimbia. Lakini siku ile nilipomaliza kulia nilikuta ndani yangu kitu kingine kimebaki, kigumu, kama mbegu.

Mami akapeleka neno kwa chifu mdogo. Chifu mdogo akamwita afisa wa maji, mtu mrefu kutoka Kisii, mwenye miwani. Kwa ajili yake kesi nzima ilisemwa kwa Kiswahili, pale pale mtoni, watu wamesimama kwenye tuta kama wanaoangalia mpira.

"Mimi ni mtu ya kanisa," Wamashini alianza. "Niko na shimo yangu. Maganda yangu yote inaingia huko. Huyu mama ananisingizia kwa sababu bwana yake hayuko."

"Na haya hapa ni ya nani?" afisa akauliza.

Wamashini akainama, akachota kiganja cha maganda, akayatupa ndani ya maji mbele ya macho yetu sote. Yakazama, yakalala. Hayakusogea hata upana wa kidole. Akanyoosha mkono kama mhubiri.

"Angalia na macho yako, afande. Inaenda? Haiendi! Kama hii mto inashindwa kusukuma ganda moja, iriwezaje kutoa magunia yote haya kwangu, ikaretea huyu mama? Ama zirikuja na miguu?"

Watu wakacheka. Afisa akatazama maji, akatazama yale maganda yaliyolala, akakuna kidevu. Maji yenyewe yalikuwa shahidi, na yalikuwa upande wa Wamashini.

"Sasa, mzee, unafikiri yametoka wapi?"

"Hayo? Hayo yametoka mbari."

Nisikilizeni vizuri hapa. Sisi watu wa mlimani ulimi wetu hauna l ya kutosha. Gari kubwa ni rori, na mtoto akisinzia anaenda kurara. Wamashini alitaka kusema mbali. Lakini kwetu mbari ni ukoo, ni watu wa damu moja na shamba moja. Mimi nilimsikia mzee mzima akikiri mbele ya serikali kwamba maganda ni ya ukoo wao. Nilipaa. Nilimshika Mami sketi nikapiga kelele:

"Amekubali! Amesema ni ya mbari yao!"

Kicheko kilichopasuka pale sijapata kukisikia tena. Chifu mdogo alishika tumbo. Afisa aliuliza, "Mtoto anasema nini?" na alipoelezwa, alivua miwani akapangusa macho. Wamashini alicheka kuliko wote.

"Haka kasichana! Kanataka kunifunga na urimi yangu mwenyewe! Mama Shiku, wacha kufundisha mtoto kesi, mfundishe Kiswahiri. Na bwana yako akifika Krismasi, mwambie akuje tuongee kama wanaume."

Kesi iliishia hapo, ndani ya kicheko. Mtu akishacheka hakumbuki tena alikuja kwa nini. Walitawanyika wakiendelea kuigana, "mbari, mbari," na afisa akapewa chai kwa Wamashini, huko kwenye bwawa.

Sisi tulirudi nyumbani. Njiani nikasema, "Mami, si alisema?"

"Alisema mbali."

"Lakini nilisikia mbari."

"Najua ulichosikia. Hata mimi nilisikia hivyo. Mtu mkubwa akikosea neno, watu wanarekebisha masikio yao. Sisi tukisikia vizuri, tunachekwa."

Jioni ile tulikula ugali na kabichi. Asubuhi tukanywa chai tupu. Mami akasema lile neno, "Mungu atalipa," na mimi nikaanza kungojea.

Mnajua mtoto huamini nini? Niliamini maji yanajua mwenye mali. Niliona wazi kwamba mto, ukishaambiwa ukweli, ungeyabeba yale maganda usiku mmoja na kuyapeleka nyumba ya mawe, kama mbwa anayemrudishia mtu kiatu. Kwa hivyo kila nikitoka shule nilishuka mtoni, nikainama, nikayanong'oneza maji: "Ni ya Wamashini. Si yetu. Ni ya Wamashini." Kisha nilikaa nikaota. Niliota maganda yakipita chini ya mlango wake, yakipanda kitandani, yakiingia kwa kikombe chake cha chai, kwa soksi zake, kwa kitabu chake cha nyimbo, hata akifungua kinywa kuimba linatoka ganda. Oh, nilikuwa na ndoto nzuri! Nilirudi nyumbani nikiruka kamba.

Lakini maganda hayakusogea.

Rafiki yangu alikuwa Nekesa. Baba yake alikuwa polisi aliyehamishiwa kituo chetu kutoka Bungoma, na yeye aliona ulimi wetu ni mchezo wa bure.

"Shiku, sema lala."

"Rara."

"Sema lori limelala."

"Toka hapa!"

Angeanguka kwenye nyasi kwa kucheka. Lakini nilipomwonyesha nduma za Mami hakucheka. Alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akasimama.

"Unayanong'oneza ya nini? Maji hayana masikio. Maji yana mikono. Tuangalie mikono inafanya nini."

Ndivyo tulivyoanza kuutazama mto. Juu kidogo ya dimbwi la Mami palikuwa na njia nyembamba kati ya mwamba na mzizi wa mkaratusi, na hapo tulipunguza na kuongeza maji kwa mawe, kama mtu anayecheza na bomba. Tuliweka chini ya maji vitu vyetu kwa mstari: jani la mparachichi lililooza, ganda la kahawa, kipande cha mkaa, mchanga. Maji yakiwa kidogo, vyote vililala. Tukiyabana yapite kwa nguvu kidogo, jani lilianza. Liliinua ukingo, likasita, likateleza likaenda. Ganda lilibaki. Tukiongeza tena, ganda lilitetemeka pale pale kama mtu mwenye homa. Lilisimama kwa ubavu, likalala tena. Lilisimama, likalala. Mimi nilidhani linaogopa, linangoja mkubwa wao atangulie.

"Amka, wewe!" Nekesa alilipigia kelele. "Amka uende kwenu!"

Tukiongeza tena kidogo tu, likaruka. Mruko mfupi, kama panzi mdogo, likagusa chini, likaruka tena. Na hapo ndipo lililonistaajabisha: likishaanza, hata maji yakipungua kidogo liliendelea. Kuamka ndiko kugumu. Kwenda ni rahisi.

Yale ya ute yalikuwa na kiburi zaidi. Yalishikana kama watu wa mbari moja, maji yakapita juu yao bila kuwapata. Lakini ukiyachokoa na kijiti, ukayatenganisha, yalikuwa mepesi kuliko hata yale mapya. Mchanga wenyewe haukujali lolote. Ulikaa chini ukitutazama.

Basi siku moja nilikuwa nimesimama ndani ya dimbwi peke yangu, maji ya kawaida, maganda yamelala, niliposikia kitu kwa miguu kabla sijakiona. Maji yalipanda kwenye mashavu ya miguu, yakawa na povu, yakawa na sauti. Na maganda yakaanza kunigonga vifundo, moja, lingine, kisha mengi, tap tap tap, kama mvua ya chini kwa chini. Nilitazama juu, upande wa mashini. Wamashini alikuwa amefungulia matangi yake ya kuoshea kahawa, yote kwa mara moja, kama alivyofanya kila jioni ya kumenya. Wimbi lile likaleta maganda mapya mekundu, likasukuma ya zamani kidogo, kisha likachoka, na yote yakalala kwetu tena, mapya juu ya makuukuu.

Nilisimama pale nikitetemeka kama ganda lenyewe. Alijua! Siku ile mbele ya afisa alitupa maganda ndani ya maji yaliyopumzika, huku akijua mzigo wake hausafiri kwa maji hayo. Unasafiri kwa maji ya ghafla. Aliufanya mto useme uongo.

Siku ile sikuota tena. Nilipanga.

Wamashini alikuwa anamwoza binti yake mkubwa kwa kijana Mkamba wa Machakos, na siku ya ruracio ilikuwa inakaribia, siku wakwe wanapokuja na zawadi kuongea habari za mahari. Alikata nyasi, akakodi tenti nyeupe, akapanga viti kuzunguka lile bwawa ili wakwe wale chakula wakitazama samaki wakiruka. Ilikuwa kiangazi, mashini imepumzika, maji ya mto safi kama macho ya mtoto. Mimi na Nekesa tukakubaliana: tutaufunga mto pale kwa mwamba na mkaratusi, tuache maji yajae nyuma, halafu tuyafungulie kwa mara moja, kama yeye. Ila yetu yawe mengi kuliko yake, yasichoke njiani.

"Na samaki?" Nekesa akauliza.

Sikuwa nimefikiria samaki. Nilikuwa nimefikiria uso wa Wamashini tu. Nikawaona ghafla wakipanua vinywa juu ya maji machafu.

"Samaki hawana kesi na wewe," Nekesa alisema. "Na kwetu samaki ni mtu wa maana. Kule maji yanakotoka bwawani kuna waya wa kuwazuia. Mimi nitainua waya. Nikivaa nguo ya Jumapili, watafikiri ni mtoto wa mgeni."

Nilifurahi hivi kwamba nilimkumbatia. Samaki wangepona, na Wamashini angekosa hata samaki. Nani alisema huruma na kisasi haviwezi kulala kitanda kimoja?

Asubuhi ya ruracio tuliamka na ndege. Tuliziba kwa magunia ya udongo, migomba iliyoanguka, matope na nyasi. Magunia tulichukua ya Mami bila kuuliza. Maji yakaanza kupanda nyuma ya ukuta wetu, taratibu, yakimeza mawe, yakitafuta njia, na sisi tukikimbia huku na kule kuziba kila yanapochungulia. Mfereji wa Wamashini wa kupeleka maji bwawani ulikuwa unakauka, lakini siku ya wakwe hakuna anayetazama mfereji. Spika zake zilifika mpaka kwetu.

"Wageni wetu, karibuni! Kutoka mlimani mpaka darajani, mashini ya kahawa ni moja, na ni yangu! Ni yangu peke yangu!"

Nekesa akaenda na gauni lake la pinki. Alirudi limelowa mpaka kiunoni.

"Wameanza kutoka. Mkubwa wao alisimama kwanza akanitazama, akapita. Nafikiri alinisalimia."

Tulikuwa tunacheka nilipoona miguu ya Mami juu ya tuta. Jembe la meno lilikuwa begani. Alitazama ukuta wetu, akatazama maji yaliyojaa nyuma yake, akatazama magunia. Mimi nikafunga macho kungojea.

"Magunia yangu mtarudisha," alisema.

Halafu akavua viatu, akaingia kwenye dimbwi la nduma, akaanza kulipiga jembe lile tope jeusi, akiligeuza, akilipasua. Hakutuangalia. "Yakilala sana hushikana," alisema kama anayejiambia. "Lazima yaamshwe." Harufu ikapanda. Alifanya kazi mpaka jasho likamtoka, na kila jembe liliposhuka nilisikia lile neno la Wamashini, akuje tuongee kama wanaume, akuje tuongee kama wanaume. Alipomaliza akapanda tutani, akajifuta uso, akaniashiria kwa kichwa mara moja tu.

Mimi nikavuta mgomba wa katikati.

Kwanza maji yalitoka kama ulimi. Kisha ukuta ukakohoa, ukaenda wote. Nilikuwa nimewaza itakuwa kelele kubwa, lakini ilikuwa zaidi kama mtu mzito anayeshusha pumzi. Maji yakaingia dimbwini na maganda yakaamka. Hayakutetemeka, hayakusita kwa ubavu. Yaliinuka pamoja, meusi, msimu mzima wa maganda, yakaruka yakishikana mikono na majani na vijiti, na nyuma yao chini pakabaki mchanga mtupu, mweupe, ambao sikuwa nimeuona tangu yaanze kuja. Tulikimbia kando ya maji tukiyasindikiza. "Nendeni kwenu!" nilipiga kelele. "Nendeni mkale ruracio!"

Tulipofika kwenye ua wa Wamashini, bwawa lilikuwa limegeuka rangi ya chai iliyochemshwa mara nyingi. Povu lilizunguka katikati. Maganda yalikuwa yanapanda kingo na kulala kwenye zile nyasi zilizokatwa, karibu na viatu vya wakwe. Harufu ilikuwa imeingia ndani ya tenti na kukaa kiti cha mbele. Kina mama wa Kikamba walikuwa wameziba pua na khanga. Wamashini alisimama na maikrofoni mkononi, kinywa wazi.

Halafu akatuona pale kwenye ua: mtoto wa pinki, mtoto wa matope, na Mami na jembe.

"Mama Shiku! Umenitupia nini kwa maji yangu?"

Mami alijibu kwa Kiswahili, ili wageni wasikie. "Mimi, Baba? Mimi sina kahawa. Nilikuwa na nduma tu, na hizo ziliisha."

"Sasa hii uchafu imetoka wapi?"

"Imetoka mbali," akasema Mami. Sijui aliipata wapi ile l. Ilikuwa l ya pwani, imesimama wima.

Mzee mmoja wa upande wa wakwe alikuwa ameinama ukingoni. Aliokota ganda, akalisugua kwa vidole, akalinusa. Hakuwa na ubaya. Alitaka tu kuelewa.

"Lakini haya ni maganda ya kahawa," alisema. "Mkwe, si umetuambia sasa hivi, kutoka mlimani mpaka darajani, mashini ni yako peke yako?"

Spika zilibaki zikivuma zenyewe. Chifu mdogo, aliyekuwa ameketi mbele na sahani ya nyama, alianza kuitazama nyama ile kwa makini sana. Na mimi nikaona wakati wangu umefika. Niliinua mkono kama darasani.

"Tafadhali," nikasema, "yametoka mbari."

Walianza wale mama waliokuwa kando ya sufuria. Walikuwa mtoni siku ile ya kesi, walikumbuka. Kicheko kikapita kwa wapishi, kikaingia kwenye tenti, na wageni walipoelezwa kikarudi tena kikiwa kikubwa zaidi. Kilikuwa kicheko kile kile cha siku ile. Wamashini peke yake ndiye hakucheka. Alinitazama, nikamtazama. Alitetemeka kama ganda, akasimama kwa ubavu, halafu akalala.

Ruracio iliendelea, walihamisha viti upande wa barabara. Nilifurahi iliendelea, maana yule binti alikuwa mtu mwema, alinipa mandazi mara nyingi bila mtu kujua. Watoto wa huko chini walivua samaki siku hizo mpaka wakachoka. Na Wamashini akachimba shimo jipya, kubwa, akalizungushia ua, kwa sababu kila aliyepita alimwuliza kama maganda hayajambo. Jina lake pia lilikwisha. Watu waliacha kumwita Wamashini. Mpaka leo ukifika kwetu uliza nyumba ya Wambari, utaonyeshwa.

Nduma zilirudi. Si mara moja, lakini zilirudi.

Jumamosi ile, baada ya Mama Saidi kujifungia kwake, nilimpigia Mami simu nikamwambia kuhusu harufu. Alicheka.

"Huyo rafiki yako Wambari anaumwa sukari siku hizi," akasema. "Daktari amemkataza mkate. Amemwambia ale nduma. Anatuma mtu kwangu kila wiki."

"Na unampa?"

"Nampa. Mgonjwa utamnyima? Namchagulia zile za chini kabisa, zenye maji. Zinapikwa mpaka kuni ziishe, na bado ni ngumu."

"Mami!"

"Moja nzuri naweka katikati. Hiyo ni ya Mungu." Nilimsikia akivuta kiti. "Anauliza ulienda wapi. Anakusalimia sana."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Dirisha langu peke yake ndilo lilikuwa wazi ploti nzima.

"Mwambie salamu zimefika," nikasema. "Mwambie..."

"Najua," akasema Mami. "Nitamwambia umeuliza kama zimetoka mbari."